Halmashauri haina leseni ya bangi ya kukupa

"Mbona Colorado, kule Marekani, wanauza bangi dukani kwa leseni? Halmashauri yetu nayo ikiamua, inaweza." Ndivyo jamaa alivyotamba kijiweni Mwanjelwa, Mbeya, bodaboda wakaitikia.

Haiwezi. Colorado, wapiga kura walihalalisha bangi kwa jimbo zima mwaka 2012. Ndipo miji ikapata hiari ya kuruhusu maduka au kuyakataa, na mingine ilikataa (hilo kijiweni halisemwi). Kwetu bangi imekatazwa na sheria ya Bunge ya 2015, na sheria ndogo ya halmashauri haiwezi kwenda kinyume nayo. Ile leseni iliyobandikwa ukutani kwa muuza keki, yenye muhuri na madoa ya mafuta, inahusu keki tu. Ukichanganya bangi kwenye unga, haikukingi, wala barua ya mwenyekiti wa mtaa.