Fidia baada ya ajali ya barabarani: maneno ya mtaani na sheria ilivyo Tanzania Bara

"Ajali haina kinga." Majeruhi huanza kuambiwa hivyo akiwa bado wodini, na wanaomwambia mara nyingi ni watu wanaompenda. Kama pole, neno hilo halina ubaya wowote. Ubaya unaanza linapogeuzwa kuwa hukumu: kwamba imeshatokea, Mungu ndiye ajuaye, tumshukuru umebaki hai, yaishe. Nafanya kazi ya usaidizi wa kisheria, na naamini hakuna dhana iliyowapotezea watu haki zao kuliko hii.

Dereva aliyeovateki kwenye kona asikoona mbele amefanya uamuzi. Mwenye basi aliyeliruhusu litoke stendi na matairi yaliyoisha naye amefanya uamuzi. Sheria inamtaka kila anayetumia barabara awe mwangalifu kwa wenzake, na akiumiza mtu kwa uzembe, aliyeumia anaweza kumdai fidia. Imani ya mtu haiguswi na hilo. Unaweza kumwachia Mungu moyo wako na papo hapo ukadai gharama za nondo uliyowekwa mguuni.

"Dereva ameshapigwa faini, kwa hiyo kesi imekwisha"

Iliyokwisha ni kesi ya Jamhuri dhidi ya dereva. Faini ile inaingia serikalini, wewe hupati hata shilingi. Madai yako ni shauri jingine, la madai, na unalifungua mwenyewe.

Lakini usiipuuze kesi ya trafiki. Chini ya Sheria ya Ushahidi ya Tanzania, dereva akitiwa hatiani na hukumu hiyo ikawa ya mwisho, inakuwa uthibitisho kamili kwenye shauri la madai kwamba alitenda kosa lile. Maana yake, kazi kubwa ya kuthibitisha uzembe umeshafanyiwa. Chukua namba ya kesi, ujue iko mahakama gani, na ikiisha omba nakala ya hukumu. Mahakama ya jinai yenyewe pia ina uwezo wa kumwamuru aliyetiwa hatiani amlipe fidia aliyeumia, ila watu wengi hawaendi hata siku moja kusikiliza, kwa hiyo hakuna anayeikumbusha.

Na dereva akiachiwa huru? Bado hujafungiwa mlango. Kwenye jinai upande wa mashtaka unatakiwa kuthibitisha bila kuacha shaka la maana. Kwenye madai inatosha kuonyesha kwamba maelezo yako yana uzito kuliko ya mwenzako. Mtu anaweza kuchomoka kwenye lile la kwanza na akanasa kwenye la pili.

"Lile gari lina bima ndogo tu, huwezi kulipwa"

Hapa nitakaa kidogo, maana kosa hili linageuza mambo juu chini.

Bima ndogo ndiyo bima yako wewe uliyeumizwa. Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inamlazimisha kila anayetembeza chombo barabarani awe nayo, na lengo lake ni watu wengine watakaokufa au kuumia kwa sababu ya chombo hicho. Bima kubwa ndiyo inayoongeza matengenezo ya gari la mwenye bima. Kwa hiyo mmiliki anapokwambia "nina bima ndogo tu", amekutajia ile ile unayoihitaji. Bodaboda na bajaji nazo zinabanwa na sheria hiyo.

Abiria wa basi au daladala aliyelipa nauli anahesabika, na mwenda kwa miguu na mwendesha baiskeli vivyo hivyo. Aliyepewa lifti ya bure kwenye gari la rafiki yuko mahali pagumu zaidi, kwa sababu bima ya lazima haikutungwa kumkinga abiria asiyelipa. Anaweza kumdai dereva, ila huenda bima isiwepo nyuma yake. Dereva na konda wa chombo chenyewe njia yao ni nyingine, nitaifikia.

Kuna maneno mengine yanayofuata: "Hiace ilikuwa imejaza, bima haitalipa", au "gari lilikuwa bovu." Kampuni ya bima na mteja wake wanaweza kuandikiana masharti ya idadi ya abiria au hali ya gari, lakini sheria hairuhusu masharti ya aina hiyo yatumike kumnyima aliyeumia. Kampuni inalipa, halafu inakwenda kudaiana na mteja wake. Abiria aliyesimama mlangoni kwa sababu siti zimejaa hakuandika mkataba ule.

Kuijua kampuni yenyewe si kazi ngumu. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ina mfumo wa mtandaoni, TIRA-MIS, ambamo ukiingiza namba ya usajili ya chombo unaona kama kina bima hai na ni ya kampuni gani. Piga picha namba ya gari siku ile ile, au mwombe ndugu aipige. Ukishajua kampuni, ipelekee taarifa ya maandishi mapema na ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Mahakama ikishatoa hukumu dhidi ya mwenye gari, kampuni inawajibika kuilipa, lakini sheria inataka iwe imejulishwa kuhusu kesi. Ukimya wako ndio utetezi wake wa kwanza. Ikikuzungusha bila sababu, TIRA inapokea malalamiko.

Wengine hukata tamaa kwa kumwangalia dereva: hana nyumba, hana kiwanja, utamdai nini? Dereva aliyeajiriwa akizembea akiwa kazini, mwajiri wake anabeba. Mdai dereva pamoja na mmiliki wa gari. Na kama mmiliki ana ofisi Dar es Salaam na wewe umeumia Iringa, hulazimiki kufunga safari: shauri la kuumizwa mwili linaweza kufunguliwa mahakama ya mahali madhara yalipotokea, au ya mahali mdaiwa anapoishi au kufanyia biashara.

"Tumemalizana kienyeji, si lazima polisi"

Naelewa kwa nini watu wanamalizana. Pesa inahitajika leo, mgonjwa anasubiri picha ya eksirei, na mwenye gari amekuja hospitali na maneno mazuri. Kupokea msaada wake si kosa. Kosa ni karatasi. Mara nyingi inaandikwa haraka, "nimelipwa, sina madai tena", na mtu anaitia saini akiwa hajui kama nyonga itaunga au itabidi ibadilishwe. Makubaliano ya hiari ni mkataba, na kuuvunja baadaye ni vita. Kampuni za bima nazo zina hati zao za kukubali malipo kuwa ya mwisho. Usisaini kitu cha namna hiyo kabla daktari hajasema ulemavu wako umefikia wapi. Ukipokea pesa ya dawa, iandikwe hivyo hivyo: sehemu ya gharama za matibabu, tarehe, kiasi.

Na polisi ni lazima. Bila taarifa yao, ajali yako ni hadithi. PF3, fomu ya polisi unayokwenda nayo hospitali, inaonyesha ulivyoumia, na daktari ndiye anayeijaza. Peke yake haisemi nani alizembea. Kwa hilo unahitaji taarifa ya polisi kuhusu ajali (PF90), mchoro wa eneo la ajali, na ripoti ya ukaguzi wa gari (PF93). Mtu anakuja na PF3 aliyoitunza vizuri kwenye bahasha akidhani imetosha, wakati gari limeshatengenezwa na kupakwa rangi.

"Nilikuwa sijavaa helmeti, kwa hiyo sina haki"

Au tulikuwa mshikaki, watatu kwenye pikipiki moja. Au nilivuka nje ya kivuko. Sheria inakubali kwamba makosa yanaweza kuwa ya pande mbili, na mahakama hupima mchango wa kila mmoja kisha ikapunguza fidia kwa kiasi hicho. Kupunguzwa si kufutwa. Tena lazima kosa lako liwe limechangia madhara yale: aliyevunjika mguu hapunguziwi kwa sababu ya helmeti.

"Kuna bei ya mguu na bei ya mkono"

Kwenye shauri la uzembe hakuna bei. Kuna mafungu mawili. Fidia maalum ni fedha zilizotoka mfukoni na kipato ulichopoteza hadi sasa, na Mahakama zetu zimekuwa na msimamo mmoja kwa miaka mingi: lazima itajwe waziwazi kwenye hati ya madai na ithibitishwe kwa ukamilifu. Hapo ndipo risiti za EFD (zile za mashine ya kodi), tiketi za kwenda kliniki na malipo ya fundi viatu aliyekutengenezea kiatu maalum vinapogeuka fedha. Bila risiti, hakimu anaweza kukuamini kabisa na bado asikupe. Fidia ya jumla ni ya maumivu, ulemavu na maisha yaliyobadilika; hiyo hakimu anaikadiria mwenyewe, akitoa sababu.

Ndiyo maana mama lishe asiye na hati ya mshahara asijione hana cha kuonyesha. Daftari la mauzo, ushahidi wa anayemuuzia mchele, leseni au kitambulisho cha mjasiriamali, miamala ya simu: vyote vinasaidia kuonyesha alikuwa akiingiza nini kabla hajaumia.

"Kazini fidia ni huruma ya bosi"

Dereva wa lori, konda, tingo, fundi aliyeangukiwa na gari akiwa gereji: hawa wana njia isiyohitaji kubishana nani alizembea. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulianzishwa kwa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 na kuanza kazi Julai 2015. Anayechangia ni mwajiri peke yake. Mfanyakazi hakatwi chochote, na akikatwa mshahara kwa jina la WCF ameibiwa.

Anachotakiwa kuonyesha ni kwamba aliumia akiwa kazini na kwa sababu ya kazi. Mafao ni pamoja na matibabu, malipo ya ulemavu wa muda, ulemavu wa kudumu, utengamao (huduma za kumrudisha majeruhi kwenye uwezo wake), malipo kwa anayemhudumia mgonjwa asiyejiweza, msaada wa mazishi na pensheni ya wategemezi. Ulemavu wa kudumu hupimwa kwa asilimia: usiozidi 30 hulipwa kwa mkupuo, unaozidi hapo hulipwa kila mwezi. Mwajiri anapaswa kutoa taarifa ya ajali kwa Mfuko ndani ya siku 7, na madai yawasilishwe ndani ya miezi 12.

"Lakini sina mkataba wa maandishi." Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa pale mazingira yanapoonyesha hivyo: anapangiwa saa, anaelekezwa kazi, anategemea kipato hicho, anatumia vifaa vya mwenye kazi. Konda anayelipwa kila jioni mkononi asikubali haraka kuambiwa kwamba yeye si mfanyakazi. Aende ofisi ya WCF na majina ya wanaomjua.

"Nitaanza nikipona"

Shauri la madhara ya aina hii linapaswa kufunguliwa ndani ya miaka 3, kwa mujibu wa Sheria ya Ukomo, Sura ya 89. Miaka mitatu inaonekana mirefu mpaka utoe mwaka wa hospitali, mwaka wa kujifunza kutembea na magongo, na miezi ya "njoo wiki ijayo". Mazungumzo na kampuni ya bima hayasimamishi saa hiyo. Mtoto muda wake hauanzi kuhesabiwa mpaka afikishe umri wa utu uzima, na mtu aliyepoteza akili timamu ana nafuu ya namna hiyo. Aliyechelewa anaweza kumwomba Waziri mwenye dhamana ya sheria amwongezee muda, usiozidi nusu ya ule wa kawaida, lakini awe na sababu ya kweli.

Ukiwa umegongwa na gari la Serikali, hesabu inabadilika. Unatakiwa kwanza kutoa notisi ya siku 90 kwa taasisi husika na nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, ambaye pia lazima aunganishwe kwenye shauri, na shauri hufunguliwa Mahakama Kuu. Tangu marekebisho ya mwaka 2020 utaratibu huu unagusa pia halmashauri na mashirika ya umma. Shauri lililofunguliwa bila notisi hiyo hutupwa nje kabla mtu hajasikiliza habari za mguu wako.

"Wakili ni wa matajiri"

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua watoa msaada wa kisheria na wasaidizi wa kisheria kama mimi, na wapo hadi wilayani. Msaidizi wa kisheria hasimami mahakamani kwa niaba yako, lakini anaweza kukusaidia kupanga nyaraka, kuandika barua kwa bima na kukuunganisha na wakili wa bure kupitia mashirika kama TAWLA, WLAC au Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yako au dawati la msaada wa kisheria itakuelekeza aliye karibu. Nenda na PF3, namba ya gari, jina la kituo cha polisi ajali iliporipotiwa, na kila risiti uliyonayo hata kama imefifia. Zilizofifia zipigwe picha leo, kwa sababu karatasi ya EFD inafutika yenyewe ikikaa.