Kuta Zinazosomeka: Mahekalu ya Wachola Kusini mwa India

Watalii wengi wanaofika Thanjavur, katika jimbo la Tamil Nadu, huinua macho moja kwa moja kwenye mnara wa hekalu la Brihadisvara, wala hilo si ajabu. Mnara huo wa mawe ya itale, wenye kimo kipatacho mita 60, ulikamilika mwaka 1010 kwa amri ya Mfalme Rajaraja wa Kwanza wa ukoo wa Chola, tena katika uwanda wa mto Kaveri usio na mawe ya aina hiyo, kwa hiyo yalibidi yaletwe kutoka mbali. Hata hivyo, sisi tunaoshughulika na urithi wa kale tungependa mgeni ayashushe macho.

Huko chini, kuzunguka msingi wa hekalu, imechongwa mistari mingi ya maandishi ya Kitamil ambayo, kwa hakika, ni daftari la hesabu. Wametajwa kwa majina wanawake wacheza ngoma wapatao 400, mahekalu walikotolewa na nyumba aliyopewa kila mmoja. Imeelezwa pia jinsi taa moja ilivyogharimiwa: kondoo majike 96 walikabidhiwa wachungaji, nao wakawajibika kuleta kipimo cha samli kila siku ili taa isizimike. Wafalme wengi wa kale wametuachia sifa zao wenyewe tu. Huyu alituachia jina la mcheza ngoma na nyumba aliyokaa, na kwangu mimi hazina hiyo inaupita mnara.

UNESCO iliuingiza Brihadisvara katika Urithi wa Dunia mwaka 1987, na mwaka 2004 yakaongezwa mahekalu mawili: la Gangaikonda Cholapuram, lililojengwa na Rajendra, mwana wa Rajaraja, na la Airavatesvara huko Darasuram, ambalo ukumbi wake umechongwa mfano wa gari la kukokotwa na farasi, magurudumu yake yakiwa ya mawe.

Yote matatu bado ni nyumba za ibada ya Shiva, mmoja wa miungu wa dini ya Kihindu. Mgeni huvua viatu langoni, na kwa kuwa sakafu ya mawe huchoma nyayo jua la utosi, ni vyema afike asubuhi na mapema au alasiri, mwanga ukiwa umelala ubavuni mwa ukuta na kila herufi imetupa kivuli chake.