Piga simu jana yake: kula Bagamoyo na Chalinze ukitokea Dar

Ukitoka Dar kwenda kula Bagamoyo au Chalinze, chakula chako kinaamuliwa asubuhi, kabla hujafika. Hoteli ya mji mdogo (nasema hoteli kama wenyeji wanavyosema, yaani pa kula, pa kulala ni gesti) haiweki akiba ya siku tatu. Mpishi huenda sokoni asubuhi na kununua kwa makisio ya wateja anaowajua: walimu, madereva, watu wa halmashauri. Ikifika saa 8 mchana kilichobaki ni maharage na chipsi. Mtu anayeingia saa hiyo na wenzake saba hajanyimwa samaki. Samaki wake hakununuliwa.

Kwa hiyo simu hupigwa jana yake, jioni, mpishi akiwa ameshafunga hesabu. Mwambie mambo matatu: idadi ya watu, aina ya chakula, na saa ya kukaa mezani, siyo saa ya kufika mjini. "Shikamoo mama. Kesho tunakuja watu wanane, tutakaa mezani saa 7 kamili. Tunaomba changu wa kupaka na wali wa nazi." Akikujibu, "Marahaba mwanangu. Changu sikuahidi, nitakupikia atakayeshuka kesho," furahi, umepata mpishi anayenunua pwani. Anayeahidi kila aina ya samaki bila kusita mara nyingi anategemea friza. Kisha mtumie nusu ya pesa kwa simu. Nazi na samaki vinanunuliwa kwa fedha taslimu, na mpishi mdogo hawezi kukukopesha mtaji wake.

Bagamoyo iko kilomita 70 hivi kutoka katikati ya Dar, kupitia Tegeta, Bunju, Mapinga, Kerege na Zinga. Daladala za huko huondokea stendi ya Makumbusho. Kwa gari binafsi, ukitaka kumpelekea mpishi samaki uliyenunua mwenyewe, ondoka saa 12 na nusu asubuhi uwahi mnada wa samaki ufukweni. Pale dalali hunadi kwa fungu, na fungu ni kubwa kwa familia. Mwache mchuuzi anunue, halafu nunua kwake samaki mmoja mmoja. Ongezeko la bei unalolipa ni dogo kuliko hasara ya kubeba samaki usiowahitaji.

Kinachopatikana kinafuata mwezi, kupwa kwa maji, na upepo. Dagaa na vibua huvuliwa kwa taa usiku wa giza; mwezi ukiwa mpevu taa hazina nguvu, na mezani utaona dagaa wachache. Pweza hupatikana vizuri wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali na miamba kubaki wazi. Wakati wa maji mafu, yanapokupwa kidogo tu, pweza ni wa kubahatisha. Kusi likivuma kwa nguvu, hasa mwezi wa 6 hadi wa 8, vyombo vidogo haviendi mbali na nguru huadimika. Ukizijua hizi tatu hutamlaumu mpishi kwa kosa la bahari.

Mtazame samaki mwenyewe. Jicho liwe limetuna na linang'aa; lililozama na kuwa na ukungu ni la jana. Fungua shavu uone matamvua: mekundu ya damu ni sawa, ya kahawia au yenye ute wa kunata ni hapana. Bonyeza mgongoni kwa kidole; nyama irudi. Kwa jodari, nguru na kibua kuwa mkali zaidi. Samaki hawa wakikaa juani saa chache, vijidudu hutengeneza sumu iitwayo histamini, na sumu hiyo haiondoki kwa kukaanga wala kuchemsha. Dalili huanza upesi, mara nyingi ndani ya saa moja: uso kuwaka, mdomo kuchonyota kama umelamba pilipili, kichwa kugonga. Ulimi ukichonyota kabla hujatia pilipili, acha kula hapo hapo na uwaambie wenzako waache. Mwenye dalili kali, hasa kifua kubana, apelekwe hospitali.

Hesabu gramu 400 hadi 500 za samaki mzima mbichi kwa mtu mzima. Kichwa, matumbo na miiba vikitoka, kinacholiwa ni karibu nusu. Kuparua magamba na kutoa matumbo kuna malipo yake pale pale. Lipa, kwa sababu jiko la mama likipewa samaki mwenye magamba saa 5, mlo wako unasogea kwa nusu saa.

Ukila wa kukaanga pale sokoni, angalia mafuta kabla ya kuagiza. Mafuta meusi yanayotoa povu zito na moshi yameshakaanga tangu jana, na samaki atatoka mchungu nje hata akiwa mbichi wa leo. Samaki mnene achanjwe mara tatu au nne kila upande hadi karibu na mfupa. Asipochanjwa, ngozi inakauka huku damu ikibaki uti wa mgongo. Vunja mmoja shingoni kabla ya kupakua: nyama iachane na mfupa bila kung'ang'ania.

Wa kupaka ndiye anayefaa safari. Huchomwa kwanza, kisha hupakwa tui zito lililopikwa na kitunguu saumu, tangawizi, pilipili na ndimu, akirudishwa jikoni mara mbili tatu hadi tui lishike na kuanza kuwa na madoa ya kahawia. Hapo ndipo haraka inapoharibu. Tui likipelekwa kwenye moto mkali bila kukorogwa linakatika, mafuta yanajitenga juu na chini yanabaki mabonge meupe kama maziwa yaliyoganda. Ukimwona mpishi amesimama juu ya sufuria anakoroga upande mmoja bila kuzungumza na mtu, usimwite kumuuliza kama chakula kiko tayari. Mpe saa moja na nusu tangu kukuna nazi. Muda huo unatosha kabisa kwenda magofu ya Kaole, kama kilomita 5 kusini mwa mji, na kurudi.

Ijumaa, epuka kupanga mlo saa 6 na nusu hadi saa 7 na nusu, kwa sababu ya sala. Mwezi wa Ramadhani hoteli nyingi ndogo hufunga mchana; basi panga kula futari, na ukubali kurudi usiku.

Chalinze ni habari ya nyama. Ni kama kilomita 100 kutoka Dar kwa barabara ya Morogoro, kwenye njia panda ya Tanga na Arusha. Kwa mzunguko wa siku nzima, kuna lami kutoka Bagamoyo hadi Msata, kilomita 64, kisha unashuka kusini hadi Chalinze. Lakini usile milo mikubwa miwili siku moja: kula samaki Bagamoyo mapema, Chalinze pitia supu na chapati tu.

Kama umekwenda kwa mbuzi choma, agiza nusu kilo ya nyama mbichi yenye mfupa kwa mtu. Nyama ipimwe mbele yako, na mzani uanzie sifuri. Moto huondoa karibu theluthi ya uzito, na ndiyo maana kilo 4 zikirudi mezani huonekana kama umeibiwa. Chagua mbavu kama una haraka, dakika 30 hadi 40. Mguu mzima unataka saa nzima, kwenye mkaa uliokwisha kuwa na majivu meupe. Mafuta yakidondoka na kuwasha ndimi za moto, mchomaji mzuri husogeza nyama pembeni. Mvivu huiacha ikapata masizi.

Ukimharakisha atafanya moja kati ya mawili: atakuletea iliyoungua nje na damu ndani, au atakuletea iliyochemshwa mapema na kubabuliwa tu. Ya kuchemsha utaijua kwa rangi: ukiikata ni ya kijivu sawasawa kutoka ukingo hadi mfupa, mafuta yameisha, na haiachi unyevu kwenye ubao. Kachumbari ikatwe kwenye ubao mwingine, siyo ule wa nyama mbichi. Omba bila aibu. Kama mna Waislamu kundini, uliza kabla ya kukaa iwapo kitimoto (nyama ya nguruwe) kinachomwa kwenye jiko hilo hilo. Ugali usiagizwe pamoja na nyama. Uagize nyama ikigeuzwa mara ya mwisho, vinginevyo utafika mezani umeshapoa na kuota ngozi.

Morogoro sasa inawezekana kwa siku moja bila gari, tangu treni ya SGR ianze safari za abiria mwezi wa 6 mwaka 2024. Ni kama saa mbili. Chukua kitambulisho cha kukatia tiketi, na weka muda wa bajaji, kwa sababu stesheni iko Kihonda, nje ya katikati ya mji.

Kurudi kwa gari, toka Chalinze si zaidi ya saa 9 alasiri. Jumapili malori na mabasi hukutana Kibaha, na jioni ikiingia unahesabu taa za breki hadi Kimara. Ukibeba samaki mbichi kutoka Bagamoyo, watolewe matumbo kwanza, kisha uwapange kwa tabaka na barafu iliyopondwa, kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki, tabaka la mwisho juu likiwa barafu. Tundu la chini la boksi liache wazi maji yatoke. Samaki anayeogelea kwenye maji ya barafu iliyoyeyuka huanza kulegea kabla hujafika Tegeta.