Moto uliodhibitiwa bado ni moto

Wiki iliyopita nilipanda Hiace Marangu Mtoni kwenda Moshi mjini. Nyuma yangu walikaa vijana wawili, wagumu wa mlimani, yaani wabeba mizigo ya wapandaji, wakizungumzia mioto ya Kilimanjaro. Mmoja akasema: "Kila moto ukitokea ni yale yale. Leo wanatangaza umedhibitiwa, kesho ukifika getini unaambiwa njia hii haipitiki. Sasa umedhibitiwa au haujadhibitiwa?" Mwenzake akajibu kwamba ni uongo mtupu, wanaficha kitu.

Nimelisikia lalamiko hilo sokoni, nimelisikia kanisani baada ya ibada, na nimewasikia watangazaji wakisoma "moto umedhibitiwa" kwenye sentensi ya kwanza na "baada ya moto huo kuzimwa" kwenye ya pili, kana kwamba ni kitu kimoja. Si kitu kimoja. Kudhibiti moto ni kuuwekea mpaka na kuushikilia ndani ya mpaka huo. Kuzima moto ni kuumaliza.

Neno lenyewe linajieleza ukilifuata lilikotoka. Dhibiti ni la Kiarabu, kutoka kitenzi dabata, chenye ile d nzito ambayo sisi tuliipokea kama dh. Maana yake ni kushika kitu kwa nguvu kisiponyoke. Ofisa wa jeshi kwa Kiarabu ni dabit, wa mzizi huohuo: mwenye kushika. Hakuna kuua ndani ya neno hilo, wala kumaliza. Kuna mkono na kitu kilichomo mkononi, na kitu hicho bado kina nguvu zake, la sivyo kusingekuwa na haja ya kukishika. Mwizi aliyedhibitiwa yu hai. Mgonjwa aliyedhibiti sukari bado ana kisukari, ndiyo maana daktari anamsisitizia asiache dawa. Bei zikidhibitiwa hakuna anayetarajia kupewa unga bure. Kote huko tunalielewa neno vizuri kabisa. Likifika kwenye moto tu, tunalisikia kama "umekwisha".

Nadhani sikio letu linachangia. Wengi wetu huku dh inatushinda, tunasema "umezibitiwa", na neno likishaanza na z linakaa jirani na kuziba na kuzima. Kuna pia wanaoandika "umethibitiwa", na hao wamehamia mzizi mwingine kabisa, ule wa thabiti na thibitisha, wenye maana ya kuwa imara au kuwa kweli. Moto uliothibitishwa ni moto ambao tumehakikisha upo. Herufi moja tu, d ikawa t, na habari imegeuka.

Zima ni la kwetu, la Kibantu, na ni la zamani sana. Washona wa Zimbabwe wanasema dzima, Wazulu wanasema cima, na kote huko moto unakufa. Lisichanganywe na zima la mtu mzima, ambalo lina asili yake nyingine: Wakikuyu hilo wanalitamka kwa g, mũgima. Kiswahili kimeyafanya yafanane, na hivyo neno la kufa kwa moto likavaa sura moja na neno la uhai.

Ndani ya zima lenyewe kuna tofauti ambayo naipenda zaidi ya zote, ya kuzimwa na kuzimika. Kuzimwa ni kazi iliyofanywa na watu. Kuzimika ni hali ya moto wenyewe. Mtu anaweza kusema "nimeuzima lakini haujazimika" na asiwe amekosea sarufi wala ukweli. Kila aliyewahi kumwagia maji mafiga usiku, akaamka alfajiri akakuta kaa jekundu chini ya majivu, anajua ninachosema. Na kwa kaa hilo tuna neno: moto unafukuta. Hauna ndimi, pengine hauna hata moshi wa kuonekana kwa mbali, lakini upo na unakula.

Mlima wetu unafuga sana moto wa kufukuta. Juu ya msitu kuna ukanda wa vichaka vya erika na nyasi, na udongo wake umejaa mizizi na majani yaliyooza nusu. Moto ukishuka humo unatembea chini kwa chini, unafuata mzizi, na siku upepo ukivuma unachomoza mahali ambapo watu walishaondoka. Tarehe 11 Oktoba 2020 moto ulianzia eneo la Whona, wanapopumzika wapandaji kati ya vituo vya Mandara na Horombo. Oktoba 2022 ukawaka karibu na kambi ya Karanga, kwenye kimo cha karibu mita 4,000. Gari la zimamoto halifiki huko. Wanafika watu kwa miguu, askari wa hifadhi, wanakijiji, wanafunzi wa Chuo cha wanyamapori cha Mweka, wenye mapanga, majembe na matawi ya kupigia moto. Kazi yao ya kwanza haiwezi kuwa kuzima eneo lote kwa mkupuo. Ni kuuzunguka moto: kufyeka na kuchimba mkanda mpaka udongo mtupu uonekane, ili moto ukifika hapo ukose cha kula. Hapo ndipo neno kudhibiti linapopata haki yake.

Marekani, ambako mioto ya misitu ni mikubwa kuliko yetu, wametenga hatua tatu, na kila moja ina neno lake. Kwanza moto umezingirwa, yaani mkanda umeuzunguka. Kisha umedhibitiwa, yaani sehemu zenye joto karibu na mkanda zimepozwa, na hautarajiwi tena kuuvuka. Mwisho umezimika, hakuna joto lililobaki. Sisi tunazitupia hatua mbili za kwanza neno moja, na wasikilizaji wanaongezea ya tatu bila kuambiwa. Asilimia nazo zina mkanganyiko wake. Kule wakisema moto umezingirwa kwa asilimia 90, wanapima mzingo: sehemu tisa kati ya kumi za ukingo wa moto zina mkanda unaoaminika. Hawasemi kwamba imebaki sehemu moja tu ya miali. Katikati panaweza kuwa panawaka vilevile.

Kujua kwamba moto umezimika ni kazi ya mikono. Watu wanapita kwenye majivu hatua kwa hatua, wanafukua, wanashusha mgongo wa kiganja karibu na udongo kusikia joto, kwa kuwa ngozi ya upande huo husikia haraka. Wakikuta joto wanafukua tena. Eneo la ukubwa wa vilima haliishi kwa siku mbili.

Na hata ukizimika kweli, njia inaweza kubaki imefungwa, na hapo ndipo yule kijana alipoona uongo. Mti ulioungua mizizi unasimama wima kama mzima, kisha unaanguka siku isiyo na upepo, bila onyo. Mawe yaliyokuwa yameshikwa na nyasi na mizizi yanaachiwa, na njia mara nyingi imekatiza chini yake. Moto mkali huacha pia utando kama nta kwenye udongo, maji hayapenyi, yanateleza juu. Mioto ile miwili ya 2020 na 2022 ilitokea Oktoba, na baada ya Oktoba inakuja vuli. Mvua ya kwanza inakuta majivu, udongo usiokunywa maji na mteremko usio na kitu cha kuushikilia. Njia ya miguu, kwa kuwa imechimbika, inakuwa mfereji. Tope na majivu vinashuka na vijito mpaka kwenye mifongo, mifereji yetu ya kumwagilia, huku chini ya Nusu Maili, ule ukanda wa msitu ulio juu ya vijiji. Mgumu mwenye mzigo wa kilo 20 kichwani hana namna ya kuruka jiwe linaloporomoka.

Neno jingine dogo: njia kufungwa si mlima kufungwa. Kilimanjaro ina Marangu, Machame, Umbwe, Rongai, Lemosho, Shira na Mweka ya kushukia. Kufungwa kwa moja hakumaanishi kwamba zote zimefungwa, na anayetangaza kijiweni kwamba "mlima umefungwa" anawanyima wenzake kazi bila sababu.

Sikuweza kunyamaza mpaka mjini. Tulipokaribia Kiboriloni niligeuka nikawaeleza kwa ufupi, habari ya mkono unaoshika na kaa lililo chini ya majivu. Walisikiliza kwa heshima. Yule mlalamikaji akauliza, "Kwa hiyo mama, hawakutudanganya?"

"Hapana, mwanangu. Walisema umedhibitiwa, na ulikuwa umedhibitiwa. Siku nyingine ukisikia hivyo, muulize askari wa getini kama umezimika."