Kufuta majina hakuifichi orodha ya wateja
Wapo wafanyabiashara wa Arusha wanaoamini kuwa orodha ya manunuzi ikishafutwa majina, muuza saruji, mabati na nondo anaweza kumpa muuza rangi bila madhara. Si kweli. Namba ya simu peke yake inatosha: anza kuitumia pesa, jina la mwenyewe linatokea.

Hata kuigeuza namba kuwa msimbo (mfululizo wa herufi na tarakimu unaotolewa na kompyuta kwa kanuni inayojulikana) hakumfichi mteja. Namba zetu za mkononi huanza na 06 au 07, kisha tarakimu 8. Jumla ni milioni 200 tu, na kompyuta ya kawaida huzigeuza zote kwa dakika chache na kulinganisha na misimbo iliyo kwenye orodha. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inalinda hata taarifa isiyo na jina, mradi inamtambulisha mtu.

Orodha ibaki dukani. Muuza saruji achague walionunua mabati karibuni (aliyeezeka ndiye anayekaribia rangi, wa nondo za msingi bado yuko mbali), kisha awatumie mwenyewe ofa ya mwenzake, wale tu walioridhia. Kwanza aandike namba kwa mtindo mmoja: 07 na +2557 zikichanganyika, mteja mmoja hupata ujumbe mara mbili.