Padi kabla ya dramu: kujifunza kupiga ukiwa Mombasa

Anayeanza masomo ya dramu karibu kila mara huuliza kwanza anunue seti gani. Mimi humwambia asinunue yoyote kwa miezi mitatu. Anachohitaji ni jozi mbili za vijiti, padi ya mazoezi, kiti kisicho na mikono, na programu ya metronomu, inayotoa mlio wa mwendo, kwenye simu. Seti ikiingia nyumbani mapema, mwanafunzi hukimbilia nyimbo kabla mikono haijajua kushika kijiti, na kosa linalopigwa kwa raha kila jioni ni gumu mno kulitoa.

Vijiti vya kuanzia ni 5A: unene wa milimita 14 na ushei, urefu wa sentimita 40 hivi. Dukani viviringishe juu ya kaunta ya kioo. Kinachoyumba kimepinda, kirudishe. Kisha gonga kimoja kimoja kwenye ubao usikilize. Vikitoa sauti mbili zilizoachana sana, uzito wao haulingani na mkono mmoja utachoka kabla ya mwenzake. Padi unaweza kuitengeneza mwenyewe: kipande cha mpira wa milimita 8 hadi 10, kama ule wa mafundi viatu, kibandikwe kwa gundi juu ya plaiwudi ya sentimita 30 kwa 30. Usianzie kwenye mto. Mto haukirudishi kijiti juu, na huko kurudi ndiko unakotaka kukujua.

Mshiko

Kijiti hushikwa kwenye theluthi ya nyuma, upande wa kitako. Gumba na kiungo cha kwanza cha kidole cha shahada hukibana kidogo tu. Vidole vitatu vilivyobaki hukizunguka bila kukikaba. Kipimo chake ni rahisi. Inua kijiti, kiache kianguke kwenye padi, kisha hesabu kinaruka mara ngapi chenyewe. Kikiruka mara sita au nane na kutulia polepole, mshiko uko sawa. Kikifa baada ya mara mbili tatu, unakaba. Sababu huwa ni mojawapo ya mbili: kidole cha shahada kimenyooshwa juu ya kijiti, au vidole vya mwisho vimeachia na mzigo wote umebaki kwa gumba. Lengelenge dogo kati ya gumba na shahada wiki ya kwanza ni jambo la kawaida. Maumivu ya kifundo cha mkono si ya kawaida. Siku hiyo weka vijiti chini, usijikaze.

Angalia na mabega. Kasi inapoongezeka hupanda yenyewe, na mwenyewe hajui. Kioo cha kabati mbele yako kitakuonyesha, na hii ndiyo kazi hasa ya mwalimu: kukutazama. Mwalimu anayetumia nusu ya kipindi kuonyesha ufundi wake mwenyewe hana msaada kwako, hata awe mpigaji wa kusifika katika hoteli za Nyali na Bamburi. Kipindi cha dakika 45 mara moja kwa wiki kinatosha, mradi uondoke na kazi mbili au tatu zilizoandikwa daftarini pamoja na kasi ya kuanzia. Mikono hujifunza katika siku sita zilizobaki.

Orodha ya Percussive Arts Society, chama cha wapiga ngoma cha Marekani, ina mapigo ya msingi 40. Mwaka wa kwanza, matatu yanatosha: pigo moja moja kwa zamu, mawili mawili, na paradidoli. Paradidoli ni kulia, kushoto, kulia, kulia. Kisha kushoto, kulia, kushoto, kushoto. Vitabu huandika R kwa kulia na L kwa kushoto, kwa hiyo usijitungie kifupisho cha L kwa "kulia". Utajichanganya siku ya kwanza utakapofungua kitabu.

Mpango wangu kwa wanaoanza ni dakika 25 hadi 30 kila siku. Weka metronomu kwenye 60, yaani milio 60 kwa dakika, mapigo manne kwa kila mlio. Dakika tano za pigo moja moja, tano za mawili mawili, tano za paradidoli, na muda uliobaki kazi ya mwalimu. Ukiweza dakika mbili mfululizo bila kukaza mkono, ongeza 4. Ukivunjika, rudi nyuma 10, wala si 2, kwa sababu mkono uliokwisha kukaza haulegei kwa kupunguziwa kidogo. Mapigo mawili mawili ndiyo hudanganya zaidi: la pili huwa hafifu, na mtu huficha unyonge wake kwa kuongeza kasi. Piga polepole ukitia mkazo kwenye lile la pili kwa wiki nzima, halafu uache mkazo. Saa tatu za Jumamosi hazilipii siku tano zilizopotea.

Hesabu ya Kiswahili

Vitabu vya Kiingereza huongeza neno dogo kati ya namba ili kugawa pigo. Sisi hatulihitaji. Moja, mbili, tatu na nne zina silabi mbili kila moja (n-ne pia), na mkazo uko kwenye ile ya kwanza. Ukitamka mo-ja, mbi-li, ta-tu, n-ne kwa mwendo sawa, tayari umepata nane. Ukifika kwenye seti, mdundo wa kwanza kabisa ni huu: haihati (matoazi mawili yanayobanana) kwenye silabi zote nane, kiki (dramu kubwa ya mguu) kwenye "mo" na "ta", sneya (dramu ndogo yenye waya chini) kwenye "mbi" na "n". Ukiweza kuutamka kwa sauti huku ukiupiga kwa dakika tatu, umeshika mwendo. Ulimi ukikwama, mguu nao umekwama, hata kama hujausikia.

Faida kubwa zaidi iko kwenye sita. Chakacha na ngoma nyingi za pwani hutembea kwa sita, mbili na tatu zikienda pamoja, na hapa ndipo waliofunzwa kwa video za ng'ambo hupotea harusini. Hesabu mpaka tatu tu: mo-ja-mbi-li-ta-tu. Silabi sita. Mikono yote miwili ipige mapaja kwenye "mo", "mbi" na "ta". Mguu wa kulia ukanyage kwenye "mo" na "li". Kwa hiyo utasikia: pamoja, mkono, mguu, mkono. Pamoja, mkono, mguu, mkono.

Kosa linalotokea ni mguu kuifuata mikono hadi "ta". Ukiona hivyo, acha mikono. Tamka na kukanyaga peke yake kwa dakika mbili, mpaka "li" iwe na uzito wake, kisha rudisha mkono mmoja, halafu wa pili. Ukishatulia, badilisha: mguu tatu, mikono mbili. Mwisho, nyamaza, uendelee bila kuhesabu. Kosa la pili ni la sikio. Mtu anapiga sawasawa lakini anasikia upande mmoja tu, tatu peke yake au mbili peke yake. Dawa ni kupiga makofi ya tatu huku mwenzako akipiga ya mbili, kisha mbadilishane bila kusimama. Kayamba nayo ni mwalimu mzuri hapa: kuitikisa kwa mwendo usioyumba, mbegu zikitua pamoja badala ya kumwagika ovyo, huifunza mikono usawa ambao padi haiufunzi.

Anayetaka taarabu aanze mapema dumbaki, ngoma yenye umbo la kikombe. Ilaze juu ya paja la kushoto, upande wa ngozi ukitazama mbele. "Dum" hupigwa kwa vidole vya kulia vilivyoshikana, kuelekea katikati ya ngozi, na mkono hutoka papo hapo. Ukiubakiza, sauti hufa. "Tek" ni ncha za vidole vya kulia ukingoni, "ka" ni za kushoto. Jaribu maksumu, mdundo wa Kiarabu, kwa silabi zile zile nane: dum kwenye "mo", tek kwenye "ja", kimya kwenye "mbi", tek kwenye "li", dum kwenye "ta", kimya kwenye "tu", tek kwenye "n", kimya kwenye "ne". Wanaoanza huzijaza zile kimya kwa sababu zinawatia hofu. Ziache wazi hadi mdundo ukae, ndipo uzipambe kwa "ka" nyepesi.

Unyevu na chumvi

Ngoma zenye ngozi ya mbuzi, kama chapuo, vumi na msondo, hulegea masika na usiku wenye unyevu. Kuziotesha moto ni sahihi, lakini ziweke umbali ambao kiganja chako kinavumilia joto bila kuondolewa, na uizungushe ngoma. Ngozi iliyokauka upande mmoja hupasuka kwenye ukingo. Ikishapigwa irudi kivulini. Kuisahau juani mchana kutwa ni kuiharibu.

Ngozi za plastiki za dramu hazijali unyevu kiasi hicho, ila chuma chake kinajali. Hewa ya bahari hula skurubu za kukazia, na skurubu iliyoshika kutu hudanganya: inazunguka kwa shida, wewe unadhani imekaza, kumbe ngozi bado imelegea. Zifungue mara mbili kwa mwaka, zifute, tia tone la mafuta ya cherehani. Ukikaza, usizunguke duara. Anza kwa vidole mpaka zote ziguse, kisha tumia ufunguo nusu mzunguko kwa skurubu, ukiruka kila mara upande wa pili ulioelekeana. Halafu gonga sentimita tatu kutoka kila skurubu usikilize. Yenye sauti ya chini ipandishe, ukikosa kabisa ilegeze jirani yake. Ngozi ya chini ya sneya iwe imekaza zaidi ya ile ya juu, la sivyo waya huvuma ovyo kila besi inapolia.

Kwa wanaoishi kwenye magorofa, kelele inayogombanisha jirani ni ya kiki zaidi, maana hupita sakafuni; hata dramu za umeme zina tatizo hilo. Weka plaiwudi mbili, moja juu ya nyingine, na katikati mipira ya tenisi iliyokaa kwenye matundu ili isitembee, kisha kanyagio juu yake. Muulize jirani saa zake, na simamisha mapigo adhana inapoanza.

Masikio nayo: kwenye desibeli 85 mtu hustahimili saa nane kwa siku, na kila desibeli tatu zikiongezeka muda hupungua kwa nusu, hivyo kwenye 100 unabaki na robo saa tu. Dramu kwenye chumba kidogo hufika hapo bila shida. Vizibo vya povu vinapatikana kwenye maduka ya dawa; vibane, vuta sikio juu na nyuma, uviingize, ushikilie mpaka vitanuke. Ukivichomeka juujuu tu havikusaidii kitu.