Maana ya Kusi, Kaskazi na Tanga Mbili kwa Msafiri wa Lamu

Mgeni anayeulizia hali ya hewa ya Lamu aghalabu hutajiwa nyuzi za joto, nalo ni jibu la kweli lisilomfaa sana, kwa kuwa kisiwa hiki kiko nyuzi mbili na ushei tu kusini mwa ikweta na joto lake halipishani pakubwa mwaka mzima. Wenyeji huugawa mwaka kwa upepo. Hata neno msimu, lenye asili ya Kiarabu, lilishikamana tangu zamani na majira ya pepo za kusafiria.

Kaskazi ni upepo utokao kaskazini-mashariki, nao huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi. Kusi hutoka upande wa kusini, huanza mnamo Aprili na kudumu hadi Septemba au hata Oktoba. Inafaa kukumbuka kwamba mashariki na magharibi ni majina yaliyotokana na jua kuchomoza na kutua, lakini kaskazini na kusini zimebeba majina ya pepo hizi mbili. Chanzo cha pepo zenyewe kiko mbali na Pwani: majira ya joto ya bara la Asia, nchi kavu huko hupata moto kuliko bahari, hewa yake ikapanda, na hewa ya Bahari ya Hindi ikavutwa kwenda kuijaza nafasi hiyo, ikipita kwetu kama kusi. Asia inapopoa, mwendo hugeuka, nasi tukapata kaskazi.

Baina ya pepo hizo kuna kipindi kiitwacho tanga mbili, au maleleji. Mwanasarufi angetaka tuseme matanga mawili, lakini mabaharia hawakumngoja. Maana yake ni kwamba upepo umelegea na haujashika upande mmoja, hivyo chombo huweza kutweka kikielekea kaskazini au kusini. Hutokea mara mbili kwa mwaka, mnamo Machi na Aprili, kisha Oktoba na Novemba. Kwa safari fupi za mwambao, siku hizo ni neema. Kwa anayevuka bahari kuu, zinaweza kuwa balaa, kwa sababu shwari ikiingia chombo cha tanga hakina pa kwenda.

Mfano ulio wazi zaidi umo katika historia ya Malindi. Vasco da Gama, baharia Mreno, aling'oa nanga hapo tarehe 24 Aprili 1498, kusi ikianza, akiwa na rubani aliyempata papo hapo, na tarehe 20 Mei alikuwa Calicut. Alipoondoka pwani ya India kurudi, mwanzoni mwa Oktoba, kusi ilikuwa imekufa na kaskazi haijaja. Safari ile ile ikamchukua karibu miezi mitatu ya shwari na pepo za mbisho, yaani zinazokabili chombo, mabaharia wake wengi wakafa kwa kiseyeye, na Malindi akaiona tena tarehe 7 Januari 1499. Nahodha yeyote wa Pwani angemshauri asubiri.

Msafiri wa leo hupanda boti ya mashine, lakini misimu haijamwacha. Kaskazi huleta kiangazi: mvua ni haba, jua ni kali, Machi fukuto huzidi, na bahari ya nje huwa tulivu kiasi cha wavuvi wa Kizingitini, kisiwani Pate, kwenda mbali. Kusi inapoingia huja na masika, ambayo baadhi ya watu wa Pwani huyaita mwaka, na Mei ndio mwezi wenye mvua nyingi zaidi Lamu. Julai na Agosti mvua imepungua na hewa imepoa, kwa hiyo nchi kavu hupendeza mno, huku bahari ya nje ikiwa imechafuka. Kwa maoni yangu hapa ndipo wageni wengi wanapokosea, maana huona ubaridi mzuri ufukweni Shela, hapo hapo kisiwani Lamu, wakadhani na njia ya baharini ya kwenda kisiwa cha Kiwayu itakuwa hivyo hivyo. Vuli ya Oktoba na Novemba kwa kawaida ni mvua ndogo.

Kwa wanaokuja kwa basi, swali hugeuka kuwa la mto. Barabara ya kutoka Malindi hupita Garsen, kwenye bonde la Mto Tana, na mto huo hufurika kwa mvua zilizonyesha mbali sana huko bara, hata kama Lamu kwenyewe jua linawaka. Katika mvua za El Niño za mwaka 2023, maji yaliifunika barabara hiyo na kukatiza safari. Kivuko kifupi cha Mokowe, cha kutoka bara hadi kisiwani, kwa vile kimekingwa na visiwa, huathirika kidogo.

Juu ya upepo kuna maji kujaa na kupwa. Mkondo wa Mkanda, baina ya kisiwa cha Manda na bara, kwa muda mrefu ulikuwa wa kina kidogo, na vyombo vya kwenda Pate vilikuwa vikiupita maji yakijaa. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa sana na hupwa sana. Saa ya maji kujaa nayo husogea kila siku kwa takriban dakika hamsini, kwa hiyo aliyepanda boti inayongoja maji jana saa mbili asubuhi asiitarajie leo saa hiyo hiyo.